Chupa Ndefu Jikoni kwa Walburga

Shemeji yangu Walburga hanipendi, nami simpendi, na hilo halijatuzuia kula meza moja tangu kaka yangu Ottmar alipomleta hapa nyumbani akiwa bibi harusi. Ottmar amekufa, sisi tumebaki. Yeye anakaa chini, mimi nakaa kachumba ka juu kabisa chini ya paa, na kila siku adhuhuri nashuka kula, kwa sababu pamoja na ubaya wake wote mwanamke huyu anajua kupika. Nimesema hivyo leo, na mtu akimpelekea maneno haya nitakana.

Kijiji kizima hapa kwenye kona ya mto Main kinamwogopa. Si kwamba ana mwili wa kutisha, maana ni kifupi, kikavu, shingo imetoka mishipa. Wanaogopa mdomo wake, na wanaogopa kualikwa kwake kula. Divai ndiyo kazi yetu sote, kila ukoo una mizabibu yake mlimani, na kila mwanamume anayejua kushika makasi ya kupogolea anajiona bingwa. Lakini kulima divai ni kazi moja, na kujua divai ipi inyweke na chakula kipi ni kazi nyingine, na hiyo ya pili Walburga ameigeuza dini. Wakati wa baridi anavumilia mengi. Watu wanakula nyama nzito na kabichi chachu, anasema kunyweni mnachotaka, hamtasikia ladha hata mkipewa siki. Theluji ikishayeyuka tu, anageuka askari wa mpakani.

Alhamisi Kuu tunakula spinachi na mayai, na hapo lazima divai changa ya mavuno yaliyopita, nyepesi, ambayo bado inachoma ulimi kidogo. Samaki wadogo wa mtoni, wale wanaokaangwa na kuliwa na miiba yao, wanataka divai kavu, isiyo na utamu, ya mashamba ya bondeni. Mwana-mbuzi wa Pasaka ana divai yake iliyolala pipani mwaka mzima. Majani ya kitunguu mwitu yakitoka msituni, mezani kuna maji matupu, kwa sababu anasema kitunguu mwitu kinaua kila divai na yeye hashiriki mauaji. Mwezi wa Mei vijana wetu huloweka majani ya msituni yenye harufu nzuri ndani ya divai, wakatia na stroberi, wakafurahi. Siku moja Walburga alimkuta mwanawe Kilian na bakuli la kinywaji hicho, kijana ndevu ndiyo kwanza zinamtoka, akalibeba mpaka kwenye banda la kuku akalimwaga lote. Kuku walilala mchana ule. Mimi nilicheka peke yangu chumbani kwangu mpaka nikaumwa mbavu.

Halafu inakuja asparagasi, machipukizi manene tunayoyala kama mboga, na hapo sasa mtu usithubutu. Yetu ni nyeupe, inachimbwa mchangani kabla kichwa chake hakijaona jua, na msimu wake unafungwa sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Baada ya siku hiyo hakuna anayegusa shamba, hata kama ana njaa. Asparagasi inakwenda na Silvaner, divai yetu nyeupe na kavu, ya shamba letu la juu. Inakwenda na siagi iliyoyeyushwa, viazi vidogo vya ngozi laini, na paja la nguruwe la moshi lililokatwa jembamba. Inamiminwa kutoka kwenye chupa yetu ya tumbo bapa, ile ambayo watu wa huku tumeitumia tangu mababu. Kwetu chupa bapa ni ya mezani. Chupa ndefu nyembamba ni ya divai ya ovyo, ile ya kumpa fundi wa paa au ya kupikia, na mara nyingi haibandikwi hata karatasi. Hayo hafundishwi mtu, mtoto anakua nayo.

Walburga ana chupa ndefu yake kando ya jiko, mkono wa kulia, kizibo kimechomekwa nusu. Ikiisha moja, anapandisha nyingine kutoka ghala la chini. Maana asparagasi zake hazichemki kwa maji kama za wanadamu wengine. Anatandika maganda chini ya sufuria ile ndefu, anatia maji kidogo, kisha anamimina chupa nzima ya divai ya ovyo, na juu yake anasimamisha asparagasi zilizofungwa vitita. Majirani wanasema kwa akina Rügamer, yaani kwetu, wanapikia kile ambacho wengine wanakunywa. Wanasema kwa kejeli, kisha wanaomba waalikwe.

Nani kamfundisha? Hakuzaliwa nayo, hilo nalijua vizuri. Yeye ametoka vijiji vya juu huko, kwenye ng'ombe na viazi, ambako watu wanakunywa bia, na divai wanaiona kanisani tu. Majira yake ya kwanza ya machipuko katika nyumba hii, mama yetu Kreszentia alialika ukoo mzima kula asparagasi, akamwambia bibi harusi ashuke ghalani achague divai. Binti wa watu akashuka, akachagua ile tamu ya kuchumwa mwisho wa mavuno, kwa kuwa alidhani kilicho bora ndicho cha wageni. Mama alionja, akainuka, akazunguka meza. Alichukua bilauri moja moja mkononi mwa wageni, akazimwaga zote dirishani, taratibu. Kisha akaketi akaomba chumvi. Tangu siku hiyo mpaka anakufa alimwita Walburga "huyu wetu wa zizini". Ottmar hakumtetea mkewe. Ottmar hakuwahi kumtetea mtu mbele ya mama, Mungu amrehemu, alikuwa mlaini kama siagi ile ile. Walburga akapiga moyo konde, akaanza kushuka ghalani kila jioni kuonja na kutema, kuonja na kutema, mpaka siku mama mwenyewe akawa anamuuliza. Na alipoulizwa, hakujibu kwa upole hata mara moja. Alikuwa amelipwa ubaya na sasa ameshika kiboko yeye.

Basi mtu wa namna hiyo, mwanawe wa pekee akamletea mkwe kutoka Mosel, bonde la mto mwingine wa mizabibu.

Jina lake Maren. Mrefu, mchapakazi, hacheki ovyo, na anapanda mteremko wa mizabibu kama mbuzi. Huko kwao kila chupa ni ndefu, nzuri na mbaya, na divai yao ni Riesling. Chakula chake cha kwanza cha asparagasi hapa kwetu alionja Silvaner, akasifu, kisha akasema kwa nia njema kabisa kwamba kwao asparagasi huliwa na Riesling yenye utamu kidogo.

"Kwenu mnakula asparagasi?" Walburga akamuuliza.

"Tunakula, mama."

"Maskini asparagasi."

Mimi nilicheka. Sijutii, ilikuwa imekaa vizuri. Lakini Maren hakucheka, na tokea pale vita vikaanza, vita vya sahani na vijiko, vya mlango unaofungwa kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika. Maren akipika supu ya majani ya kiwavi, yale yanayowasha, mama mkwe anaionja anauliza kama kuna mgonjwa. Walburga akimimina divai, mkwe anaiacha bilaurini mpaka inapata joto, jambo ambalo kwa Walburga ni sawa na kutemewa mate. Kilian katikati anatafuna tu. Damu ya Ottmar hiyo.

Lililovuka mpaka lilitokea kwenye ubatizo wa Afra, mtoto wao. Baba yake Maren, mzee Matthes, alikuja kutoka Mosel na kreti ya divai yake aliyoibeba mwenyewe mapajani ndani ya treni. Mtu mpole, mikono imepasuka na mawe ya huko kwao. Walburga akapokea, akashukuru, akaipeleka ghalani, na mezani akamimina Silvaner. Mzee akasubiri. Zilipokuja asparagasi akauliza kwa aibu kidogo kama na yake haitaonjwa. Walburga akamjibu kwamba ameiweka kwa ajili ya kachumbari, badala ya siki. Mzee Matthes akatabasamu, akasema kachumbari nayo ni chakula, akanywa Silvaner yetu mpaka tone la mwisho. Kesho yake akarudi kwao na hakuja tena. Mwaka jana baada ya mavuno alikufa, ghafla, akiwa anaosha mapipa.

Kuanzia hapo Maren alikuwa anazungumza na mama mkwe wake kama unavyozungumza na karani wa ofisi. Na huko Mosel mama yake amebaki peke yake na mteremko mzima. Akaandika, akapiga simu, akaomba binti na mkwe wahamie. Tuseme ukweli, Kilian hakukataa. Mtu anachoka kutafuna katikati ya vita. Na Kilian akiondoka, hapa panabaki nini? Bibi kizee mmoja, mimi na magoti yangu, na mizabibu ambayo jirani ameshaanza kuitazama kwa jicho la mlaji. Walburga alilijua hilo. Usiku namsikia chini anatembea. Akaanza kumpelekea Afra maziwa ya moto asubuhi, na mara moja nilimwona anakunja nguo za Maren zilizokuwa kwenye kamba. Kwa Walburga hiyo ni sawa na kupiga magoti barabarani.

Siku ya Pasaka, baada ya mwana-mbuzi, Maren ndiye aliyeweka jambo mezani. Alisema hivi, bila kupandisha sauti. Baba yake alimwachia chupa moja ya divai ya mwisho aliyoijaza kwa mkono wake, hata karatasi hakuwahi kuibandika. Angependa inywewe katika nyumba hii, mezani, na asparagasi, Jumapili ya Pentekoste, kila mtu na bilauri yake, mama akiwemo. Baba yake apewe nafasi aliyonyimwa. Likifanyika hilo, yeye atabaki, na mama yake huko Mosel atatafuta kibarua. Lisipofanyika, watafungasha.

Kilian aliangalia sahani. Mimi nilimwangalia Walburga, nikingojea bomu. Mishipa ya shingo ilisimama. Kisha akasema, "Ilete. Itanyweka." Na akainuka kwenda kuosha vyombo, ingawa haikuwa zamu yake.

Alimaanisha. Watu wamesema mengi baadaye, na kijiji kizima kina toleo lake, lakini mimi nimeishi na mwanamke huyu na nakwambia alimaanisha. Wiki ile ya Pentekoste alishuka shambani mwenyewe kuchagua asparagasi, akamtukana muuzaji mpaka akapewa zile nene zilizonyooka. Alitoa bilauri za harusi yake. Hakutoa chupa hata moja ya Silvaner ghalani. Nilimtania, nikamwambia shemeji, leo unakunywa siki? Akaniambia nikae nimenye.

Basi nikawa nimekaa jikoni namenya. Kazi yangu ni hiyo kila msimu, kwa sababu anasema mkono wangu mvivu unamenya pole pole kama inavyotakiwa. Asubuhi Maren alikuwa ameshuka na chupa yake. Aliifungua mwenyewe ili ipate hewa, akarudisha kizibo nusu, akaitia kwenye beseni la mawe lenye maji baridi, akaenda kanisani na mume na mtoto. Walburga alikuwa ghalani wakati huo anachukua viazi. Aliporudi alikuta beseni limejaa, na yeye anahitaji kuosha asparagasi. Akaitoa chupa ile majini bila kuitazama, huku ananitukania maganda yangu kuwa manene, akaisimamisha pembeni. Pembeni ni wapi? Ni kando ya jiko, mkono wa kulia. Ndefu, ya kijani, haina karatasi, kizibo kimechomekwa nusu. Ile ya kupikia ilikuwa imeisha siku moja kabla, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa pilikapilika za Pentekoste, alikuwa amesahau kuleta nyingine.

Akatandika maganda. Akatia maji. Mkono ukaenda kulia kama unavyokwenda siku zote, ukachukua, ukamimina. Chupa nzima. Alikuwa anazungumza kuhusu padri.

Mimi sikuona kosa lolote, nakwambia kweli. Macho yangu yalikuwa kwenye kisu. Kilichonishtua ni harufu. Mvuke wa kwanza ulipopanda, jikoni mle mlinukia pichi mbivu, na asali, na jiwe lililonyeshewa mvua baada ya jua kali. Divai ya ovyo hainukii hivyo. Nikainua kichwa. Walburga alikuwa ameacha sentensi katikati. Amesimama, mkono mmoja juu ya sufuria, pua juu, na uso wake umeisha damu yote. Akageuka pole pole akatazama beseni tupu.

"Shemeji," nikasema, "ile chupa..."

"Menya."

"Walburga, hiyo ilikuwa ya—"

"Nimekwambia menya."

Nikamenya. Zilikuwa zimebaki chache tu. Yeye akasimamisha vitita ndani ya sufuria, akafunika, akapangusa meza, akapangusa tena pale pale alipopangusa. Ningemhurumia kama angeniruhusu. Nilimwambia awangoje mlangoni awaeleze kabla hawajaketi, ni ajali, watu watakasirika kisha watapoa. Akaniambia nikanawe mikono kwa sababu nanuka kama shamba.

Walirudi kutoka kanisani na njaa. Kilian alikuwa mchangamfu namna ambayo sijamwona tangu harusi yake, anampandisha Afra mabegani, anagonga kichwa cha mtoto kwenye mlango, wanacheka. Wakaketi. Maren alikuwa amevaa gauni la bluu. Walburga akaleta sahani kubwa, asparagasi zimelala zote upande mmoja, mvuke unapanda, siagi kwenye kibakuli, viazi, nyama. Maren akainuka kwenda jikoni kuleta divai ya baba yake.

Alirudi na chupa. Aliiweka katikati ya meza, kati ya zile bilauri za harusi. Ilikuwa tupu, na ilitoa mlio mdogo ilipogusa ubao.

"Mama," akasema. "Divai iko wapi?"

Walburga alikuwa anampakulia mtoto. "Kwenye sufuria."

Afra aliuliza kwa nini hatusali. Nikaona kwamba ikiachwa hivi imekwisha, na mimi sipendi kuingilia mambo ya watu, lakini nilikuwa mle jikoni na hakuna mwingine aliyekuwamo.

Nikawaambia. Nikasema jamani, ni bahati mbaya. Chupa ilikuwa majini, aliitoa ili aoshe, akaiweka pale inapokaa ya kupikia siku zote, na mkono ukakosea. Hakuna karatasi, ni ndefu, nani katika kijiji hiki asingekosea? Nilikuwa nimekaa pale pale. Nimemwona alivyoshtuka.

Ungeona uso wa Kilian. Ulifunguka wote. Alimgeukia mama yake kama mtoto aliyepotea sokoni akaona kitambaa cha kichwani cha mama yake. "Mama, ndivyo ilivyokuwa? Umekosea?"

Na Maren naye, sitamsahau. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Sema tu kwamba umekosea, mama," akasema. "Basi. Nitakaa chini tule, na tutabaki. Sitaliongelea tena maisha yangu yote."

Neno moja. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Alikuwa amelilia jambo hilo la wao kubaki usiku kucha kwa miezi, anatembea chini kule, na sasa limewekwa mbele yake na wanamsukumia. Nikadhani linakuja.

Kisha akanitazama mimi. Jicho lile nalijua. Nililiona mara moja tu kabla, siku ile mama yetu alipomaliza kuzunguka meza na kuomba chumvi.

"Burkard ni mzee," akasema. "Haoni hata anachomenya. Mimi sikosei divai."

"Kwa hiyo ulijua," Maren akasema.

"Nilijua."

"Ulijua ni ya baba, ukaimimina."

"Riesling na asparagasi haviendi. Nimekwambia tangu siku ya kwanza. Angalau sufuriani imefanya kazi."

Mwongo! Mwongo wa kutupwa, ameketi na sahani ya mjukuu mkononi, anadanganya dhidi ya nafsi yake mwenyewe. Nilipiga meza. Nilisema anasema uongo, msimwamini, huyu ni mpumbavu mwenye kiburi kuliko punda. Lakini nani atamsadiki mzee wa darini dhidi ya mtu anayejishtaki mwenyewe? Na baada ya ile kachumbari, baada ya miaka ile yote, uongo wake ulifanana naye zaidi kuliko ukweli wangu. Kilian aliniangalia kwa huruma. Alidhani namtetea.

Maren hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimfungua Afra kitambaa cha shingoni, akampa Kilian ambebe. Kisha akanyoosha mkono juu ya sahani kubwa, akachukua asparagasi moja kwa vidole, nene, ikidondosha maji, akaila akiwa amesimama. Pole pole, kuanzia kichwani mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso kubadilika.

"Yumo humu," akasema. Hakumwambia mtu yeyote. Akajipangusa vidole, akatoka, na Kilian akamfuata na mtoto. Hakumtazama mama yake. Mlango mara hii haukufungwa kwa nguvu.

Tukabaki wawili, na sahani ya watu watano.

"Kula," Walburga akasema. "Zinapoa."

Nilitaka kuondoka. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa ya matusi. Lakini nilikuwa na njaa, na mimi si malaika, nikajipakulia. Nikatia siagi, nikakata, nikala. Na hapo nikaweka uma chini.

Nimekula asparagasi katika nyumba hii kila mwaka tangu nilipoota meno. Sijawahi kula kama zile. Ule uchungu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi, ule ambao Silvaner huufunika, haukufunikwa, ulibebwa. Kulikuwa na utamu kidogo nyuma yake, kisha ukali safi ulioondoa siagi yote mdomoni, ukakufanya utake nyingine kabla hujameza. Nikala ya pili na ya tatu. Walburga naye alikuwa anakula. Yeye kwa kawaida anakula chache tu, anaachia wageni. Sasa alikuwa anakula kama mtu anayefanya kazi aliyopewa, macho kwenye sahani, na alipomaliza yake akavuta sahani ya mtoto.

Juu yetu tulisikia droo zinafunguliwa. Halafu kitu kizito kikaburuzwa sakafuni, sanduku, kutoka upande wa kabati mpaka mlangoni.

Nilitaka kumuumiza. Nalisema wazi, nilitafuta kitu cha kumchoma nacho na nikakipata. Nikamwambia, "Shemeji, Riesling inazifaa. Inazifaa kuliko yetu."

Alikuwa na kipande mdomoni. Akakitafuna mpaka mwisho, akameza.

"Najua," akasema.

Akajaribu kujipakulia nyingine, uma ukamponyoka ukaanguka chini, na hakuinama kuuokota. Juu sanduku la pili lilikuwa linaburuzwa. Nikainama mimi, nikauokota uma, nikaupangusa kwa kitambaa nikampa, naye akaendelea kula.